Deni la Jambazi Aliyetubu

Katika katuni za mashujaa wenye nguvu za ajabu, waandishi wana mapenzi ya pekee kwa mwovu aliyeamua kubadilika. Shujaa aliyezaliwa mwema hana pa kwenda. Mwovu aliyetubu ana safari ndefu, na kila hatua yake inaweza kumrudisha alikotoka. Lakini hadithi nyingi za aina hii humpunja msomaji mahali pamoja. Hutuonyesha moyo ukigeuka, kisha vita vikubwa ambamo mwovu wa jana anapigana upande wa haki, na moshi ukitulia tunatarajiwa kukubali kwamba yote yamekwisha. Ninachotetea hapa ni kwamba toba ya mhalifu, iwe kwenye karatasi au maishani, ni suala la deni kabla ya kuwa suala la moyo. Nani anamdai? Anamdai nini? Je, ataishi muda wa kutosha kulipa, na kuna kazi gani ya kumwezesha kulipa? Katuni inayoyaruka maswali haya, hata ikichorwa kwa ustadi gani, bado haijaigusa toba. Na mahali pazuri pa kulipima dai hili ni mitaa ya Eastlands, Nairobi, kule kunakozunguka Soko la Burma: Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Pumwani na Gikomba. Huko mhalifu na aliyeibiwa hupanda matatu moja na kununua nyama kwenye bucha moja, na swali la kumpokea aliyeacha wizi huulizwa mlangoni mwa mtu.

Tuanze na katuni zenyewe. Mwaka 1954 wachapishaji wa Marekani, wakiogopa Bunge na wazazi, walijifunga kwa kanuni iliyokataza uhalifu kuchorwa kwa namna ya kumfanya msomaji amwonee mhalifu huruma, na iliyotaka wema ushinde kila mara. Ingedhaniwa kwamba chini ya kanuni hiyo mwovu aliyetubu asingepata nafasi. Ikawa kinyume. Hawkeye aliingia mwaka 1964 akiwa adui wa Iron Man, na kufikia 1965 alikuwa amekubaliwa kwenye kikosi cha Avengers pamoja na Quicksilver na Scarlet Witch, ambao nao walitoka upande wa maadui. Kanuni haikuzuia toba. Ilizuia huruma, na tokeo lake ni toba ya haraka isiyo na maswali: mtu anaomba kuingia, anapewa kiti, hadithi inaendelea. Miongo miwili baadaye waandishi walianza kuchimba zaidi. Mwaka 1985 Magneto, aliyekuwa adui mkuu wa X-Men, alikabidhiwa shule ya Profesa Xavier. Mwaka 1997 Kurt Busiek na Mark Bagley walitoa Thunderbolts, genge la waovu waliovaa sura ya mashujaa ili kuudanganya ulimwengu, kisha baadhi yao wakagundua kwamba heshima ya watu ni tamu kuliko hila waliyokuja nayo. Hilo lilikuwa wazo kubwa, kwa kuwa lilikubali kwamba wema unaweza kuanza kama uongo na mazoea yakaugeuza kuwa kweli.

Iliyokaribia zaidi kiini cha jambo ni Incorruptible ya Mark Waid, iliyoanza mwaka 2009. Mhusika wake, Max Damage, ni jambazi ambaye ngozi yake huzidi kuwa ngumu kadiri anavyokaa bila kulala. Shujaa mkuu wa dunia anapoharibika na kuanza kuua watu, Max anaamua kushika sheria. Mojawapo ya hatua zake za mwanzo ni kuteketeza fedha alizoiba. Msomaji wa kawaida hufurahia tendo hilo, kwa sababu ni tendo la mtu asiyetaka kurudi nyuma. Lakini litazamwe tena. Fedha zile zilikuwa na wenyewe. Kuziteketeza kunamsafisha Max machoni pake mwenyewe, na kuwaacha walioibiwa wakiwa maskini vilevile. Waid ni mwandishi makini, na mfululizo wake unaonyesha vizuri jinsi mtu anayetaka wema kwa nguvu zote anavyoweza kuwa mkatili kwa walio karibu naye. Hata hivyo moto ule unaonyesha tabia ya utanzu huu mzima: toba ni jambo linalomhusu mtenda, na mtendewa ni sehemu ya mandhari.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kulikataa hilo, kwa kuwa mapokeo mawili makubwa ya imani yanayoishi pamoja katika mitaa hii yanakataa. Katika mafundisho ya Kiislamu yanayotolewa katika madarasa ya Pumwani, ambako Waislamu wamekuwapo tangu mtaa ulipoanzishwa, kujuta na kuacha dhambi hakutoshi ikiwa dhambi hiyo iligusa haki ya mja. Sharti haki irudishwe kwa mwenyewe au mwenyewe asamehe, na Mungu hamlipii mtu deni la jirani. Upande wa pili, uamsho wa wokovu ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930 na kuingia Kenya ulijulikana kwa waumini waliosimama hadharani kutaja makosa yao, kisha wakaenda kurudisha walichoiba, pengine kwa mwajiri ambaye hata hakujua ameibiwa. Zakayo wa Injili ya Luka, ambaye kila mtoto wa shule ya Jumapili anamjua kwa kupanda mti, hakuishia kushuka. Aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Mwandishi wa katuni anayetaka kuwagusa wasomaji hawa hahitaji kuazima falsafa kutoka mbali.

Sasa tuje kwa mtu ambaye maisha na vitabu vyake ndivyo ushahidi mkubwa tulio nao Kenya kuhusu jambazi aliyebadilika: John Kiriamiti. Alitoka Murang'a, akafukuzwa shule ya Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School, akaingia katika wizi wa mifukoni jijini akiwa kijana mdogo na kupanda ngazi hadi wizi wa benki. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Akiwa gerezani aliandika My Life in Crime, kikachapishwa mwaka 1984, mwaka ambao aliachiliwa. Msimulizi wake anaitwa Jack Zollo. Waliokuwa wakisoma African Film, lile jarida la hadithi za picha lililomleta Lance Spearman Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, watalikumbuka jina hilo, kwa sababu mmoja wa maadui wa Spearman aliitwa Rabon Zollo. Sidai kwamba nayajua yaliyokuwa moyoni mwa mwandishi. Lakini kizazi kilichokua na Spearman, mpelelezi mweusi mwenye kofia na suti safi, kilikua pia na maadui wake, na kitabu maarufu kuliko vyote vya uhalifu nchini kimebeba jina la adui badala ya jina la mpelelezi. Ukitafuta mahali ambapo katuni ya mwovu inakutana na toba ya kweli Kenya, utaanzia hapo.

Kitabu cha kwanza kina kasoro ambayo wasomaji wengi waliihesabu kuwa utamu: kukimbizana na magari, bunduki, fedha zinazokuja na kutoweka. Deni halionekani. Benki haina sura, na karani aliyelazwa sakafuni haelezi jinsi alivyolala usiku ule. Kitabu kingebaki peke yake, wanaosema kwamba hadithi za majambazi huwapotosha vijana wangekuwa na hoja nzito. Lakini mwaka 1989 Kiriamiti alifanya jambo ambalo naona ni la ujasiri kuliko wizi wowote aliousimulia. Alichapisha My Life with a Criminal: Milly's Story, akampa kalamu mwanamke aliyempenda Zollo, ili ahadithie miaka ileile kutoka upande wake. Matukio yaliyokuwa ushindi katika kitabu cha kwanza yanageuka katika cha pili kuwa hofu, uongo na kungoja. Mwanamume anayeondoka nyumbani akiwa na sababu isiyoeleweka, katika kitabu cha kwanza anaelekea kwenye msisimko. Katika cha pili anamwacha mtu nyuma ya mlango, na sisi tunabaki mlangoni pamoja naye. Kisha, miaka 20 baada ya cha kwanza, ikaja My Life in Prison mwaka 2004. Vitabu hivi vitatu vikisomwa pamoja ni mfano bora wa mpangilio ambao katuni ya aina hii inauhitaji: kwanza jambazi ajisifu, kisha aliyeumizwa aseme, kisha gharama ilipwe siku kwa siku. Kinachosikitisha ni kwamba cha kwanza ndicho kinachosomwa na wengi.

Milly hata hivyo alikuwa mpenzi, na mpenzi ana sababu za kusamehe ambazo mpita njia hana. Hapo ndipo kazi ya Kiriamiti inapoishia na ya mwandishi mwingine inapopaswa kuanza. Filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Tosh Gitonga, ilikuwa na nafasi hiyo ikaiacha ipite. Mwas, kijana aliyekuja mjini kutafuta uigizaji, anaishi maisha mawili: jioni jukwaani, usiku kwenye genge la Oti likiiba magari na vipuri vyake. Mwishoni risasi za polisi wafisadi zinalimaliza genge, Mwas ananusurika na kwenda kuigiza. Ni filamu yenye nguvu na ukweli mwingi kuhusu jiji. Lakini kunusurika si kutubu. Hakuna mwenye gari anayerudi kwenye hadithi. Mwas anaokolewa na bahati na kipaji, na mtazamaji anatoka ukumbini akiwa amemsamehe kwa niaba ya watu ambao hakuwahi kuwaona.

Kuna sababu ya kihistoria inayowafanya wakazi wa mitaa hii wasikubali kirahisi hadithi ambayo toba yake ni kukiri mbele ya wakubwa. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Mitaa ya Waafrika ya Eastlands ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, na zaidi ya watu 20,000 walikamatwa na kupelekwa kuchujwa Lang'ata na katika kambi nyingine. Walipitishwa mbele ya wasaliti waliofunikwa magunia kichwani, gakunia, ambao kutikisa kichwa kwao kulitosha kumpeleka mtu kizuizini. Huko kambini wafungwa waligawanywa kwa rangi, weupe, wa kijivu na weusi, na aliyetaka kwenda nyumbani ilimbidi akiri kiapo cha Mau Mau, ataje wenzake na aonyeshe kwamba amebadilika. Serikali iliuita mpango huo urekebishaji. Mwisho wake ulionekana katika kambi ya Hola tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipouawa kwa kipigo kwa kukataa kufanya kazi iliyodaiwa kuwa sehemu ya urekebishaji huo. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya zaidi ya 5,000 walioteswa. Aliyekuwa akidai toba ndiye aliyeonekana kuwa mdaiwa.

Jina la soko nalo linatuelekeza huko. Burma ni nchi ambako askari wa King's African Rifles kutoka Afrika Mashariki walipigana katika Vita vya Pili vya Dunia, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Mmoja wa Wakenya waliopigana Burma alikuwa Waruhiu Itote, baadaye Jenerali China wa Mau Mau upande wa Mlima Kenya. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kunyongwa, akaachiwa uhai baada ya kukubali kusaidia mazungumzo ya kuwashawishi wapiganaji watoke msituni. Alifungwa Lokitaung, alikokuwa amefungwa Jomo Kenyatta, na baada ya uhuru akashika wadhifa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Katika magazeti ya walowezi alikuwa mwovu kamili. Kwa baadhi ya wapiganaji wenzake kuzungumza kwake na wakoloni kulikuwa jeraha. Taifa jipya likampa vijana awalee. Mtu mmoja, vitabu vitatu vya madeni, na kila kimoja kina karani wake. Mwandishi wa katuni akimweka mhusika wake mbele ya hakimu au kamanda wa polisi ili asamehewe, msomaji wa Shauri Moyo ana haki ya kuuliza ni nani aliyempa huyo mamlaka ya kusamehe.

Tukishakubali kwamba deni ni kwa mtu, linafuata jambo la muda. Kulipa kunachukua miaka, na miaka ndiyo kitu ambacho mhalifu wa Eastlands hupewa kwa shida. Katikati ya miaka ya 1990 majina ya Wanugu, Wacucu na Rasta yalijaza magazeti kama wahalifu wanaosakwa kuliko wote nchini. Wote watatu waliuawa na polisi. Mwaka 2017 video ilionyesha afisa wa polisi akiwapiga risasi vijana wawili Eastleigh, mchana, mbele ya umati, wakiwa tayari wamekamatwa. Mwaka huohuo kituo cha Mathare Social Justice Centre kilitoa ripoti iliyoorodhesha mauaji ya vijana wa Mathare mikononi mwa polisi, na akina mama waliopoteza wana wao wakaanza kukutana na kudai majibu. Oktoba 2022 serikali ilikivunja kikosi maalumu cha polisi, SSU, kilichohusishwa na mauaji na watu kupotea. Umati nao una hukumu yake ya haraka, ya mawe na tairi. Kwa upande wa sheria, wizi wa kimabavu chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu bado una adhabu ya kifo, ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987 na mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia zaidi ya wafungwa 4,000 hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Zollo wa kwenye kitabu aliweza kutubu kwa sababu Kiriamiti alihukumiwa miaka inayohesabika, akatumikia sehemu yake na akatoka.

Hapa katuni za Marekani zina somo la kinyume. Mwovu wao hafi kamwe kwa sababu biashara inamhitaji mwezi ujao. Akitubu mwaka huu, mwandishi mwingine atamrudisha kwenye uovu miaka mitano baadaye. Uzima wake ni wa bure, kwa hiyo toba yake ni nafuu. Katika mitaa tunayoizungumzia uzima ndio nguvu ya ajabu yenyewe. Mhusika asiyehitaji kuruka angani, ambaye amefika umri wa miaka 30 ilhali rika lake limezikwa Lang'ata, tayari ana kitu ambacho msomaji atakitambua kuwa cha ajabu. Nisingempa nguvu nyingine.

Kisha kuna kazi, na nataka kukaa hapa kwa sababu hadithi nyingi hupapita mbio. Kijana aliyetoka gerezani akienda kuomba kazi ya ulinzi au udereva ataulizwa cheti cha mwenendo mwema, kile kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai baada ya alama za vidole kulinganishwa na kumbukumbu zao. Vidole vyake vinamtangulia kila ofisi. Kwa hiyo anabaki na kazi zisizouliza vidole, na soko la nyama ni mojawapo. Chukua Burma. Nyama inashushwa kutoka kwenye magari ya makasha ya bati ikiwa na muhuri wa mkaguzi, na wanaume wa mabuti na makoti yaliyokuwa meupe huibeba begani, paja zima kwa mara moja, hadi kwenye ndoano. Kubeba hakuhitaji imani ya mtu. Unabeba, unaonekana, unalipwa. Ngazi ya juu yake ni gogo na shoka, ambako mwenye bucha anakuamini usiharibu paja kwa kukata ovyo. Juu zaidi ni kisu na mizani, ambako anakuamini na mteja. Na juu ya yote ni kuchukua nyama asubuhi bila fedha na kulipa jioni baada ya kuuza, jambo ambalo linasimama juu ya jina lako tu. Ukizipanga ngazi hizi umepata sura za kitabu cha katuni bila kubuni chochote. Mtu aliyewahi kumtishia mwenzake kwa kisu sasa anakabidhiwa kisu mbele ya watu, na kila anayepita anamjua. Siku moja mama aliyenyang'anywa pochi karibu na Landhies Road anasimama mbele ya mizani na kuomba nusu kilo. Mwandishi wa Marekani angeleta mlipuko wakati huo ili amwokoe mama yule, na deni life. Mwandishi mwaminifu angemwacha kijana apime nyama. Asiongeze kipande, kwa maana kipande hicho si chake, ni cha mwenye bucha, na mwizi wa zamani anayelipa deni kwa mali ya mtu mwingine amerudia wizi. Akitaka kulipa, atalipa kwa ujira wake, na itambidi aseme kwa nini.

Najua pingamizi lililo karibu zaidi. Watasema: vijana hawa ni zao la dhuluma. Walikulia katika nyumba za chumba kimoja zilizojengwa na mkoloni kwa wafanyakazi wasiotakiwa kukaa mjini na familia. Shule ziliwatupa, polisi waliwavizia. Kwa nini tuwadai wao ilhali wao ndio wanaoidai nchi? Naikubali nusu ya kwanza yote. Anvil, Hola na video ya Eastleigh ni madeni ya dola, na katuni inayoyaficha ingekuwa ya uongo. Lakini nusu ya pili haifuati. Anayeporwa alfajiri kwenye kivuko cha Muthurwa mara nyingi ni mchuuzi anayekwenda Gikomba kufungua marobota au mama anayewahi mboga, maskini kama aliyempora. Deni la serikali kwa kijana halimlipi mama huyo hata senti. Tena kumwambia kijana kwamba hadaiwi chochote kwa kuwa hakuwa na hiari ni kumwondoa katika hesabu ya watu wazima, na ndivyo walivyofanya wenye kambi, waliowaona wafungwa kama wagonjwa wa kutibiwa.

Pingamizi la pili linatoka upande wa walioumizwa, nalo ni zito kuliko la kwanza. Kwa nini kurasa apewe mnyang'anyi tena, wakati aliyenyang'anywa hajawahi kupewa hata moja? Na hadithi hizi hazimlazimishi mtendewa kusamehe ili mtenda apate mwisho mwema? Jibu langu ni kwamba deni na msamaha ni vitu viwili. Mdaiwa anaweza kulipa yote na mdai akaendelea kukataa kumsalimia, na haki haijavunjwa. Hadithi inayomruhusu yule mama kuchukua fedha zake na kwenda zake bila neno, kisha kununua nyama bucha nyingine tangu siku hiyo, inamheshimu kuliko ile inayomfanya alie na kumkumbatia. Naye kijana anajua kama anatafuta kulipa au anatafuta kusifiwa pale tu sifa inaponyimwa.

La tatu linahusu chombo chenyewe. Wapo wanaoamini kwamba katuni ni za watoto na za kuchekesha, na mazoea ya magazeti yetu, tangu Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, yanawapa sababu. Lakini mwaka 2010 Shujaaz ilianza kutolewa bure pamoja na gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, kwa Sheng, lugha iliyokuzwa katika mitaa hii, ikimfuata Boyie anayerusha redio ya siri kutoka chumbani. Nakala zilifika mamia ya maelfu kwa mwezi, na mwaka 2012 ikashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy ya kidijitali. Ilizungumzia kilimo, siasa, uzazi na fedha, na vijana waliisoma. Udhaifu wake ni wa kazi zote zinazogharamiwa ili kufikisha ujumbe: suluhisho huwa karibu mno na tatizo, kwa sababu mfadhili anataka msomaji aondoke na jambo la kutenda. Toba ya jambazi haikai kwenye toleo moja. Inahitaji mchapishaji atakayevumilia matoleo ambayo mhusika hafanikiwi na hakuna la kufundisha isipokuwa kwamba leo pia amefika kazini. Hata hivyo utoaji wa mwezi kwa mwezi ni faida ambayo kitabu na filamu hazina. Msomaji anangoja. Kungoja kwake kunalingana na kungoja kwa mhusika, na mtoto wa Kaloleni aliyeanza kusoma akiwa shule ya msingi anaweza kuwa sekondari kijana yule anapopewa mizani.

Limebaki lile la kuwavutia vijana kwenye uhalifu, na sitalidharau, kwa kuwa My Life in Crime imeonyesha kwamba wasomaji wanaweza kuchukua mbio na kuacha gereza. Tiba yake haipatikani kwa kumnyima mhalifu mvuto, kwa maana mwovu asiyevutia hana cha kuacha. Inapatikana katika mpangilio. Kiriamiti alichukua miaka mitano kumpa Milly zamu yake, na wakati huo cha kwanza kilikuwa kimeshatawala. Mchoraji wa leo asingoje hivyo. Toleo la kwanza likimwonyesha kijana na kisu chake usiku, basi toleo la pili lisimwonyeshe kabisa. Liwe la yule mama wa mboga, kuanzia pochi inapotoka mkononi: fedha za jumla zilizokuwamo, mkopo wa chama alioutarajia kuulipa Ijumaa, karo iliyochelewa, safari ya kituo cha polisi ambako hakuna aliyeandika chochote, na jinsi alivyobadilisha njia ya kwenda sokoni kwa muda wote uliofuata. Jina lake liandikwe kwenye jalada. Hapo msomaji atakuwa amemjua mdai kabla hajaanza kumpenda mdaiwa, na kila hatua ya kijana kuelekea wema, katika matoleo yote yatakayokuja, ataipima kwa hesabu ambayo ameiona kwa macho yake.